Kibiongo Kinachozuilika: Historia ya Kutibu TB ya Uti wa Mgongo, Kutoka Uluguru hadi Muhimbili

Kwenye miteremko ya Uluguru, mgongo hufanya kazi tangu utotoni. Kabichi na viazi vya Mgeta na ndizi za Kinole hushuka mlimani vichwani mwa akina mama kabla ya kupata gari la kwenda Soko Kuu la Chifu Kingalu, mjini Morogoro. Mashamba yenyewe yamening'inia kwenye miinuko ambayo trekta haiwezi kuipanda, hivyo jembe la mkono ndilo linalotawala. Mtu wa huko akisema mgongo unamuuma, hakuna anayeshtuka. Anachuliwa, anapewa dawa za kutuliza maumivu, anaambiwa apunguze mizigo.

Mara nyingi ushauri huo unatosha. Lakini kuna maumivu ya mgongo yasiyokwisha kwa kupumzika. Yanakaa wiki, kisha miezi. Usiku yanazidi. Mwili unapungua, homa za jioni zinakuja na kuondoka, na siku moja ndugu wanaona kinundu katikati ya mgongo au uvimbe laini kwenye kinena. Baadaye miguu inaanza kulegea. Chanzo chake kikubwa katika Afrika Mashariki ni bakteria yuleyule wa kifua kikuu, aliyesafiri kwenye damu kutoka mapafuni akatua kwenye pingili za chini za mgongo.

Madaktari waliukabili ugonjwa huu kwa kisu muda mrefu kabla ya kupata dawa yake. Walipopata dawa, wengine walidhani kisu hakina kazi tena, na wengine wakadhani sasa ndipo kinaweza kufanya kila kitu. Mkoa wa Morogoro una sehemu yake katika historia hiyo, kwa magonjwa yake, kwa njia zake za usafiri na kwa maabara zake.

Kabla ya 1882: kibiongo kisicho na chanzo

Ugonjwa huu ni wa kale. Mwaka 1910 wataalamu walieleza maiti iliyokaushwa ya Nesperehan, kuhani wa Misri aliyeishi takriban miaka elfu moja kabla ya Kristo. Pingili zake zilikuwa zimebomoka, mgongo umepinda kwa mbele, na kando ya kiuno palionekana alama ya jipu kubwa lililoteremka kufuata msuli. Daktari yeyote wa leo angeitambua picha hiyo mara moja.

Mwaka 1779 mpasuaji wa London, Percivall Pott, alichapisha maelezo ya ugonjwa unaoupinda mgongo na kuipoozesha miguu. Alitambua kwamba kupooza na kibiongo vina uhusiano, na kwamba usaha ukipata njia ya kutoka, baadhi ya wagonjwa hupata nafuu. Hakujua kilichousababisha. Tiba yake ilikuwa kutoboa vidonda pembeni mwa kibiongo kwa dawa ya kuunguza na kuviacha vitoe maji kwa miezi. Hata hivyo ugonjwa ulichukua jina lake, na madaktari wengi wa Kiingereza huuita hivyo mpaka leo.

Wakati huo huku kwetu, mgongo uliouma ulitibiwa kwa chale, kuumika, mizizi na majani. Mtu mwenye kibiongo alitambulika kila mahali, ila hakuna aliyekuwa na namna ya kujua kwamba kibiongo chake na kikohozi cha jirani yake vinaweza kuwa vimetoka kwa mdudu mmoja.

1882 hadi 1916: mdudu, papasi na reli

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Robert Koch alitangaza kwamba amempata mdudu huyo. Kifua kikuu kilikuwa na chanzo kimoja kinachoonekana kwa hadubini, awe mgonjwa anakohoa damu au amepinda mgongo. Tangazo hilo liliunganisha magonjwa yaliyokuwa yakihesabiwa mbalimbali, na ndilo lililobadili maana ya upasuaji wa mgongo: kuanzia hapo, usaha aliokuwa anautoa mpasuaji ulijulikana umejaa nini.

Koch mwenyewe alifika Afrika Mashariki ya Wajerumani zaidi ya mara moja. Mwaka 1905 alichunguza homa ya papasi kwenye njia za misafara, akaonyesha jinsi papasi wanaojificha kwenye sakafu za udongo wanavyoambukiza wasafiri. Desemba ya mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu. Aliyemgundua mdudu wa TB alikuwa ametoka kuitembelea nchi ambayo ingekuja kuteswa na mdudu huyo kwa zaidi ya karne.

Mazingira ya kuenea kwa kifua kikuu yalikuwa yanajengwa miaka hiyohiyo. Mwaka 1907 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro, mji uliokuwa tayari kituo cha misafara tangu enzi za mtawala Simbamwene. Mashamba ya mkonge yalikua kandokando ya reli, na vibarua kutoka mikoa ya mbali walilala wengi katika vyumba vidogo visivyo na hewa. Kifua kikuu hustawi katika hali ya namna hiyo. Mtu mmoja anayekohoa anatosha kuwaambukiza wenzake, na wachache kati ya hao, miezi au miaka baadaye, bakteria huwatokea mifupani.

Majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalipouteka mji wa Morogoro mwezi Agosti 1916, vita vilikuwa vimeongeza njaa na uhamaji. Uingereza ilipochukua utawala, ilirithi nchi yenye hospitali chache mno kwa ukubwa wake. Hospitali ya Dar es Salaam iliyotokana na sadaka ya mfanyabiashara Sewa Haji, tangu miaka ya 1890, ilikuwa miongoni mwa zile chache zilizowapokea Waafrika.

1884 hadi 1939: kisu bila dawa

Huko Ulaya na Marekani, wapasuaji walikuwa wanajaribu kila njia. Ili kuzielewa njia zao, inafaa kujua bakteria hufanya nini ndani ya mgongo.

Huanza kwenye ukingo wa pingili, karibu na gegedu linalotenganisha pingili moja na nyingine. Huila sehemu ya mbele ya mfupa, ile inayobeba uzito wa mwili, kisha huvuka kwenda pingili ya jirani. Sehemu ya mbele ikiporomoka na ya nyuma ikabaki nzima, mgongo hukunjika kwa mbele na kinundu hutokeza nyuma. Usaha hujikusanya bila joto wala wekundu wa jipu la kawaida, ndiyo maana huitwa jipu baridi. Ugonjwa ukiwa kiunoni, usaha huteremka ndani ya msuli mrefu unaotoka kwenye pingili hadi pajani, ukatokea kwenye kinena mbali kabisa na ulikoanzia. Ukielekea nyuma, pamoja na vipande vya mfupa uliokufa, hubana neva na miguu ikalegea.

Mwaka 1884 Frederick Treves wa London alieleza namna ya kulifikia jipu la kiunoni kwa kupasua ubavuni, akafika moja kwa moja kwenye pingili zilizooza badala ya kusubiri usaha uchomoze kinenani. Muongo mmoja baadaye Victor Ménard, aliyefanya kazi katika mji wa Berck kwenye pwani ya Ufaransa, alikata kipande cha ubavu na kulifikia jipu lililobana neva kutoka pembeni. Wagonjwa kadhaa waliokuwa wamepooza walitembea tena.

Furaha haikudumu. Kidonda kilichofunguliwa kwenye mfupa wenye TB hakikufunga. Bakteria wengine waliingia kupitia tundu hilo, usaha ukatoka kwa miezi, na wagonjwa wengi wakafa kwa maambukizi mapya kuliko yale waliyokuja nayo. Ménard mwenyewe alirudi nyuma akawa mpole na kisu. Katika mji huohuo wa Berck, mwaka 1896, François Calot alijaribu kunyoosha vibiongo kwa nguvu wagonjwa wakiwa wamelazwa kwa klorofomu. Njia hiyo ilileta vifo na ikaachwa.

Kosa jingine lilidumu zaidi. Wapasuaji wengi walikata sehemu ya nyuma ya pingili ili kuzipa neva nafasi, kwa kuwa ndiyo sehemu rahisi kufikiwa. Lakini ugonjwa uko mbele. Walikuwa wanaondoa ukuta pekee uliobaki mzima, na mgongo ukaporomoka zaidi.

Mwaka 1911, huko New York, Russell Hibbs na Fred Albee walikuja na wazo la tofauti, kila mmoja kwa njia yake: kuunganisha pingili kwa mfupa ili zisitikisike, bila kuligusa jipu. Mwaka 1934 Ito na wenzake wa Kyoto walithubutu kuingia kwa mbele, wakasafisha na kupandikiza mfupa. Walikuwa sahihi kuhusu mlango wa kuingilia. Walichokosa ni dawa ya kuulinda mwili baada ya kufunga mshono.

Tiba iliyobaki kwa wengi ilikuwa jua, chakula, hewa safi na kulazwa chali ndani ya hogo kwa mwaka mmoja, miwili, mitatu. Katika Tanganyika, Kibong'oto, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, palianzishwa hospitali ya kifua kikuu mwaka 1926 kwa fikra hiyohiyo ya hewa ya mlimani na mapumziko. Kwa mgonjwa wa Matombo au Mgeta, kule Uluguru, Kilimanjaro ilikuwa nchi nyingine. Wengi walibaki nyumbani. Waliopona, walipona na kibiongo.

1943 hadi 1961: sindano inawasili

Oktoba 1943, katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, mwanafunzi wake Albert Schatz alitenga streptomaisini kutoka kwa bakteria wa udongoni. Ilikuwa dawa ya kwanza iliyomuua bakteria wa TB ndani ya mwili wa binadamu. Ikafuata dawa iitwayo PAS, na mwaka 1952 isoniazidi, kidonge cha bei nafuu chenye nguvu kubwa. Ilibainika mapema kwamba dawa moja ikitumiwa peke yake bakteria huizoea, hivyo zikaunganishwa mbili au tatu.

Kwa mpasuaji wa mgongo, dawa hizo zilifungua mlango uliokuwa umefungwa tangu enzi za Ménard. Sasa angeweza kufungua jipu, kusafisha mfupa uliokufa, kushona, na kidonda kikafunga.

Huduma nazo zilipanuka, ingawa polepole. Mwaka 1956 Binti Mfalme Margaret wa Uingereza alifungua Dar es Salaam hospitali mpya iliyopewa jina lake, ile inayoitwa leo Muhimbili. Katika Uluguru, mwaka uliotangulia ulikuwa wa machafuko: wananchi waliukataa mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwalazimisha kuchimba matuta ya kinga, kazi ngumu iliyoyaongeza maumivu ya migongo bila kuongeza mavuno waliyoahidiwa. Imani kati ya wanakijiji na maofisa ilipungua, na katika hali kama hiyo zahanati ya serikali haikuwa mahali pa kwanza pa kukimbilia.

1956 hadi 1975: Hong Kong, Ibadan na Bulawayo

Mabishano makubwa ya karne yalizuka katika kipindi hiki, na Afrika haikuwa mtazamaji.

Hong Kong ilikuwa imejaa wakimbizi, na wodi zake zilijaa watoto wenye TB ya mgongo. Mwaka 1956 Arthur Hodgson na Francis Stock walitangaza upasuaji waliouita wa kina. Waliingia kwa mbele, kupitia kifuani au ubavuni, wakakata mfupa wote mbovu mpaka kwenye mfupa unaotoa damu nzuri, kisha wakajaza pengo kwa kipande cha ubavu au cha nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Matokeo yalikuwa ya kuvutia. Mifupa iliungana upesi, na vibiongo havikuendelea kukua. Lakini upasuaji huo ulihitaji mabingwa wa kuingia kifuani, wataalamu wa usingizi, damu ya akiba na wauguzi wa zamu usiku kucha.

Ibadan, Nijeria, haikuwa na vitu hivyo kwa wingi wa kutosha. Peter Konstam alikuwa na wagonjwa wengi kuliko vitanda. Akafanya lile ambalo wakubwa wa taaluma yake waliliona kama uzembe: aliwapa dawa na kuwaacha waende nyumbani, watembee, warudi kliniki kwa tarehe. Wenye majipu makubwa aliwatoa usaha, na wachache waliobanwa neva aliwapasua. Alipoanza kuchapisha matokeo mwaka 1958, wasomaji walikutana na jambo ambalo halikutarajiwa. Wengi walipona, na hata baadhi ya waliokuwa wamepooza walitembea tena bila kupasuliwa.

Nani alikuwa sahihi? Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza liliamua swali hilo lijibiwe kwa majaribio ya haki, ambamo wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu. Huko Masan, Korea, walilinganishwa waliolazwa na waliotibiwa wakitokea nyumbani. Pusan, nchi hiyohiyo, walilinganishwa waliovaa hogo na wasiovaa. Bulawayo, katika Rhodesia ya wakati huo, dawa peke yake ililinganishwa na dawa pamoja na kusafisha jipu. Hong Kong, kusafisha kukalinganishwa na upasuaji wa kina.

Majibu yalianza kutoka mwaka 1973. Kulala kitandani kwa miezi hakukuongeza chochote. Hogo halikuongeza chochote. Kusafisha jipu tu, bila kupandikiza mfupa, hakukuwazidi waliotumia dawa peke yake. Upasuaji wa kina wa Hong Kong ulikuwa na faida yake: mifupa iliungana mapema na kibiongo kilipungua. Lakini kupona kwenyewe kulitokana na dawa.

Mwaka 1975 S. M. Tuli wa Varanasi, India, aliyakusanya mafunzo hayo katika njia ya kati. Kila mgonjwa apewe dawa. Apasuliwe yule ambaye neva zake zimebanwa na hazipati nafuu, yule ambaye ugonjwa unaendelea licha ya dawa, yule ambaye mgongo wake unayumba au unapinda kwa kasi, na yule ambaye ugonjwa wake haujajulikana ni nini. Kwa sehemu kubwa, huo ndio mwongozo unaofuatwa duniani hadi sasa.

Kwa nchi kama Tanzania, maana yake ilikuwa kubwa. Mgonjwa wa TB ya mgongo kutoka Uluguru hakuhitaji chumba cha upasuaji cha Hong Kong ili apone. Alihitaji kugunduliwa mapema na kupata dawa bila kukatizwa.

1961 hadi 1991: Mtu ni Afya na mtu wa Mauthausen

Baada ya Uhuru, serikali ilianza kuisambaza huduma. Chuo cha udaktari kilianza Dar es Salaam mwaka 1963. KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza zilifunguliwa mwaka 1971. Katika Mkoa wa Morogoro, hospitali za misheni kama Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, Berega na Bwagala zilibeba mzigo mkubwa wa wagonjwa ambao barabara mbovu ziliwazuia kufika mjini.

Mwaka 1973 redio iliingia vijijini na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vya kusikiliza na kujadili, wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Kifua kikuu kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyofundishwa.

Tiba nayo ilikuwa inafupishwa, na majaribio yaliyoifupisha yalifanyika kwetu. Kuanzia mwaka 1970, wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki katika utafiti ulioonyesha kwamba mchanganyiko wenye rifampisini au pirazinamidi unaweza kuponya kifua kikuu cha mapafu kwa miezi sita, badala ya mwaka na nusu au zaidi.

Aliyegeuza sayansi hiyo kuwa huduma ya kitaifa alikuwa Karel Styblo, daktari wa Chekoslovakia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifungwa katika kambi ya mateso ya Mauthausen na huko akaugua kifua kikuu. Kuanzia mwaka 1977 alishirikiana na serikali ya Tanzania kujenga Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma. Utaratibu wake ulikuwa wazi: makohozi yapimwe kwa hadubini, dawa zisikosekane, mgonjwa ameze mbele ya mhudumu, kila mgonjwa aandikwe kwenye rejista, na kila wilaya iwe na mratibu anayefuatilia nani amepona na nani ametoweka. Mwaka 1991 Shirika la Afya Duniani liliuchukua mfumo huo, na ukaenea ulimwenguni kwa jina la DOTS.

Rejista hiyo ilimfikia pia mgonjwa wa mgongo. Aliandikwa kama mwenye TB ya nje ya mapafu, akapata dawa zilezile bila malipo, ingawa kwa muda mrefu zaidi. TB ya mifupa kwa kawaida hutibiwa kwa miezi tisa hadi kumi na miwili.

1983 hadi 2010: UKIMWI na panya buku wa Morogoro

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa Kagera. Mwili uliopoteza kinga ulimwachia bakteria wa TB nafasi ya kuamka na kusambaa. Wagonjwa wa kifua kikuu walioandikishwa nchini walikuwa takriban elfu kumi na mbili kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Miaka ishirini baadaye walizidi elfu sitini. TB ya nje ya mapafu nayo iliongezeka, ikiwemo ya mgongo.

Hadubini ilikuwa imezidiwa. Jibu moja lilitoka mjini Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens mwaka 1997, lilikuwa likifundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini kwa ajili ya Msumbiji. Watafiti wakajiuliza kama pua hiyohiyo ingeweza kunusa kifua kikuu kwenye makohozi.

Iliweza. Katika kazi ya mwaka 2009, panya walipitia sampuli za watu zaidi ya elfu kumi ambazo vituo vya afya vilikuwa vimeshazipima. Walisaidia kugundua wagonjwa wapya 620 ambao hadubini ilikuwa imewakosa, ongezeko la asilimia 44. Kila mmoja wa hao angerudi nyumbani na kuendelea kuambukiza.

Panya buku hana namna ya kunusa jipu lililo ndani ya kiuno. Mchango wake kwa mgongo unapitia njia ya mbali: anayekohoa akigunduliwa leo, watoto wake wanaweza kuepuka TB ya mifupa kesho.

Chuo hichohicho, kupitia madaktari wake wa mifugo, kimefuatilia ndugu wawili wa tatizo hili wanaotoka zizini: TB ya ng'ombe na brusela, ugonjwa unaofanya mifugo itupe mimba. Yote mawili humfikia binadamu kwa maziwa yasiyochemshwa. Brusela hupenda pingili za kiuno na maungio ya nyonga, na maumivu yake hufanana na ya TB, lakini dawa zake ni nyingine. Katika mkoa wenye wafugaji wengi wa Mvomero na Kilosa, daktari anayemhoji mgonjwa wa mgongo ana sababu ya kuuliza anakunywa maziwa gani. Anapaswa pia kumkumbuka mgonjwa wa sikoseli, ambaye mifupa yake hushambuliwa na salmonela, na yule aliyepata jipu la kawaida ngozini ambalo bakteria wake wamehamia mgongoni. Hao huugua kwa kasi, kwa homa kali, na usaha wao usipotolewa mapema unaweza kuleta ulemavu ndani ya siku chache.

1996 hadi leo: vyuma, picha na treni

Upasuaji wa mgongo nchini ulipata makao yake mwaka 1996, Bunge lilipopitisha sheria iliyounda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Nyuma yake kulikuwa na kizazi cha mabingwa wa Kitanzania kama Profesa Philemon Sarungi, aliyesomea Hungaria, akafundisha upasuaji wa mifupa Muhimbili na baadaye akawa Waziri wa Afya. Alifariki dunia Machi 2025.

Kazi ya mgongo ilikua zaidi pale mabingwa wa ubongo na wa mifupa walipofanya kazi chini ya paa moja. Tangu mwaka 2008 MOI imeshirikiana na timu ya Roger Härtl kutoka chuo cha tiba cha Weill Cornell, New York, kwa mafunzo ya kila mwaka na kwa madaktari wa Kitanzania kwenda kujifunza nje na kurudi.

Upasuaji wenyewe umebadilika. Mgonjwa aliyebanwa neva kiunoni anaweza kufunguliwa kwa nyuma, pingili nzima za juu na chini ya ugonjwa zikafungwa kwa skrubu na nondo za titani, kisha usaha na mfupa mbovu vikatolewa kwa pembeni. Vyuma vinafanya kazi ambayo zamani iliachiwa hogo na miaka ya kulala. Watafiti waliogopa mwanzoni kwamba bakteria wangejificha kwenye vyuma hivyo. Uzoefu ulionyesha kwamba bakteria wa TB, tofauti na wale wa majipu ya kawaida, hang'ang'anii sana kwenye chuma, mradi dawa zinaendelea.

Vipimo navyo vimebadilika. Picha ya MRI huonyesha jipu na neva zilizobanwa kabla mfupa haujaporomoka, wakati eksirei ya kawaida huonyesha uharibifu ukiwa umeshatokea. Mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, hupima usaha au kipande cha mfupa ndani ya saa mbili na kusema pia kama bakteria amezoea rifampisini. Kwa makadirio ya Shirika hilo, wagonjwa wapya wa TB Tanzania wameshuka kutoka zaidi ya watu 300 kwa kila laki moja mwaka 2015 hadi chini ya 200 mwaka 2023.

Umbali umepungua pia. Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma, yenye Hospitali ya Benjamin Mkapa. Mgonjwa anayeondoka stesheni ya Morogoro asubuhi anaweza kuwa Dar es Salaam kwa chini ya saa mbili. Sehemu ngumu ya safari yake imebaki kuwa ile ya kwanza, kutoka kijijini hadi kwa mtu wa kwanza atakayemsikiliza.

Hapo ndipo pengo kubwa lilipo. Maswali ya kawaida ya kumchuja mtu mwenye dalili za TB yanahusu kikohozi, homa, kutoka jasho usiku na kupungua uzito. Mgonjwa wa mgongo anaweza asikohoe kabisa. Makohozi yake, kama anayo, yanaweza kuwa safi mbele ya hadubini, mbele ya mashine na mbele ya panya. Anachokuja nacho ni maumivu ambayo kila mkulima wa Uluguru anayo, na akirudishwa na dawa za maumivu mara tatu, mara ya nne hufika miguu ikiwa imelegea. Wakati huo anahitaji chumba cha upasuaji, damu, vyuma na mabingwa wa Dar es Salaam, kwa ugonjwa ambao miezi michache kabla ungetibiwa kwa vidonge vya bure kutoka zahanati ya karibu na kwake.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba kuulizia kikohozi, wana nafasi ya kuliziba pengo hilo kwa kuongeza maswali mawili: mgongo unauma kwa zaidi ya wiki sita, hata ukiwa umelala? Kuna mtu nyumbani aliyewahi kutibiwa kifua kikuu? Anayejibu ndiyo kwa yote mawili anastahili picha ya mgongo na kipimo cha damu wiki hiyohiyo, wakati bado anatembea kwa miguu yake kwenda kupimwa.